Fulerini, silika au titania: uchanganye ipi kwenye filamu nyembamba ya polima

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja tunayeshea naye benchi maabara alinifuata na katalogi kwenye simu. "Dada, shikamoo, hela niliyopewa inatosha kununua unga wa aina moja tu, ninunue upi?" Anatengeneza filamu za polistairini (ni polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli), unene kama nanomita 100 hivi, juu ya vipande vya silikoni, na anataka kuweka chembe za nano ili uso wa filamu ubadilike. Kila alikosoma kila mtu anasifia chembe yake. Nikamuuliza, we unataka uso ufanye nini hasa, na hiyo chembe ukishaimwaga humo unadhani itaenda kukaa wapi? La kwanza alikuwa na jibu, la pili hakuwa nalo. Nimeamua kuandika sababu hilo la pili ndo linaamua karibu kila kitu na watu wengi wanaliruka wanakimbilia kulinganisha bei na majina.

Elewa kwanza tunaongelea unene gani. Unywele wa mtu ni kama mikromita 70, kwa hiyo filamu kama hii ukizibandika moja juu ya nyingine unahitaji kama 700 hivi ufikie unene wa unywele mmoja. Kwenye plastiki nene, sema ndoo, chembe nyingi zinaishi mbali na uso, hazijui hata kama uso upo. Huku kwenye nanomita 100 hamna mbali. Juu kuna hewa, chini kuna silikoni ambayo yenyewe ina ngozi ya oksaidi ya kama nanomita 2, na kila chembe ipo hatua chache tu kutoka ukuta mmoja au mwingine. Inaweza kupanda juu, ikabaki katikati, au ikazama chini, na unga ule ule ukikaa juu unapata uso mmoja na ukikaa chini unapata uso mwingine kabisa. Alafu polima haioni moyo wa chembe, inaona koti lake. Silika (oksaidi ya silikoni) yenye koti la silani, kemikali inayojishikiza kwenye uso wake, na silika tupu kwa polistairini ni vitu viwili tofauti hata kama chupa zimeandikwa neno moja.

Kitu kingine kabla sijaanza kulinganisha: acheni kulinganisha kwa asilimia ya uzito. Watu wanaweka "5% ya kila moja" wanadhani wametenda haki, kumbe uzito wa ujazo unatofautiana sana. Chukua 5% kwa uzito ndani ya polistairini: fulerini inachukua kama 3.2% ya ujazo wa filamu, silika kama 2.5%, titania (titani dioksaidi) ya anatase, moja ya aina za fuwele zake, kama 1.4%, zinki oksaidi karibu 1%, dhahabu haifiki hata 0.3%. Uso unahesabu nafasi, hauhesabu gramu. Ukilinganisha fulerini na dhahabu kwa 5% ya uzito umelinganisha mtaa uliojaa watu na mtaa wenye nyumba moja, na ukitoa hitimisho hapo unajidanganya.

Tuanze na fulerini, C60, ile iliyogunduliwa 1985 na kuwapa Kroto, Curl na Smalley Nobel ya kemia 1996. Ni kampira kadogo ka kaboni, upana kama nanomita 0.7, ndogo kuliko zote nitakazozitaja hapa na kwa mbali sana. Ukiiyeyusha kwenye tolueni inatoa rangi ya zambarau nzuri, na huo ndo uzuri wake mkubwa kwa mtu anayeanza, INAYEYUKA kweli, haielei kama vumbi, hivyo huhangaiki na mabonge ilimradi usipite kiwango chake cha kama miligramu 2.8 kwa mililita. Kwa filamu ya nanomita 100 mara nyingi unaanza na polima kama 2%, yaani miligramu 20 kwa mililita, kwa hiyo ukiweka C60 ya 1% ya polima ni miligramu 0.2 tu kwa mililita, uko salama kabisa.

Kazi yake ni nini? Filamu nyembamba ya polistairini juu ya silikoni haijatulia, ukiipasha moto kupita nyuzi 100 hivi, pale polima inapolainika, inaanza kutoboka matundu ya duara, matundu yanakua, yanagusana, mwisho unabaki na matone matone kama maji yaliyomwagwa kwenye meza iliyopakwa nta. Mwaka 2000 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na vipimo kule Marekani, waliripoti kwamba ukiweka C60 kidogo tu kutoboka kunazuiwa. Na sababu ndo hiyo ninayoipigia kelele, imekaa wapi. Chembe zinashuka chini kwenye silikoni, minyororo ya polima yenyewe haipendi kubanwa na ukuta mgumu maana inakosa uhuru wa kujikunja, kwa hiyo inafurahi chembe ndogo zikienda kukaa kule badala yake, na zikishakaa zinatengeneza sakafu mpya ambayo filamu inaishikilia.

Nilipiga hesabu siku moja kwenye karatasi ikanifungua macho. Chukua asilimia ya ujazo, zidisha kwa unene wa filamu, gawanya kwa kipenyo cha chembe, zidisha kwa 1.5, unapata ni sehemu gani ya uso itafunikwa kama chembe ZOTE zitaenda upande mmoja. Kwa C60 ya 1% ya uzito, ambayo ni kama 0.64% ya ujazo, filamu ya nanomita 100, inakuja 1.4. Yaani asilimia moja tu inatosha kutandika sakafu nzima na inabaki. Ndo maana kidogo kinatosha.

Lakini angalia sasa upande wa pili. Kama zimeshuka chini, juu kumebaki nini? Polistairini ile ile. Tone la maji ukiliweka juu halitajua kama kuna C60 humo. Kwa hiyo mtu anayetaka filamu yake isitoboke kwenye oveni, C60 ni chaguo zuri sana, mtu anayetaka maji yateleze au yasambae, ameenda duka lisilo lake. Bei yake kwa gramu inatisha ila usiangalie gramu. Mililita 10 za mchanganyiko zinakula miligramu 2, gramu moja inakupa chupa 500 za hivyo. Chupa ya mchanganyiko iweke gizani tu, C60 ikipigwa na mwanga inaamsha oksijeni inayoweza kuharibu polima taratibu.

Silika sasa. Hii ndo wengi wananunua sababu ipo kila mahali, bei poa, na ukitaka unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa njia ya Stöber ya mwaka 1968, ethanoli, amonia, maji na TEOS (kimiminika chenye silikoni kinachogeuka silika), unapata vipira vya duara safi kabisa kuanzia makumi ya nanomita mpaka mikromita na zaidi. Na ndo hiyo iliyoniumiza mimi mwaka wangu wa kwanza maabara. Nilichukua silika tupu ya nanomita 20, nikaimwaga kwenye tolueni, nikaitikisa kwenye ultrasoniki nusu saa, ikaonekana imetulia, nikazungusha filamu, yaani unadondoshea mchanganyiko juu ya kipande cha silikoni kinachozunguka kasi unatandaa. Kwenye AFM, hadubini inayopapasa uso kwa ncha ndogo sana, uso ulikuwa kama mtu mwenye ukurutu, mabonge ya nanomita 300 kwenye filamu ya 100, yaani vichwa vimetokeza nje theluthi mbili. Wiki tatu nilikuwa nalaumu mashine ya kuzungusha. Tatizo lilikuwa koti: silika tupu imejaa vikundi vya OH, inapenda maji na inapendana yenyewe kwa yenyewe, ukiitupa kwenye tolueni na polistairini ambazo hazina chochote cha kuishika mkono inakumbatiana.

Njia za kutoka hapo ziko kama tatu na hazilingani. Unaweza kubadilisha polima, mfano PMMA, ile plastiki ya akriliki, ina vikundi vya kaboneli vinavyoshikana na hizo OH, silika tupu inatulia vizuri zaidi humo. Unaweza kubadilisha koti kwa silani, HMDS ndo rahisi, chembe inapata vikundi vya methili na tolueni inaikubali. Au unapandikiza minyororo ya polistairini yenyewe juu ya chembe, ambayo ni kazi ya wiki kadhaa na ina mtego wake, minyororo uliyopandikiza ikiwa mifupi sana kuliko ile ya polima mama na imebanana, polima mama inashindwa kuingia kati na chembe zinarudi kukumbatiana japo nje zimevaa nguo ile ile. Hilo la mwisho lilinishangaza sana nilipolisoma.

Na kuna kanuni ya ukubwa ilichapishwa kwenye jarida la Science 2006, kwamba chembe inakubali kusambaa kama nusu kipenyo chake ni ndogo kuliko ukubwa wa mnyororo wa polima ukiwa umejikunja. Polistairini ya uzito wa molekuli 100,000 imejikunja kwenye kama nanomita 8 au 9. Sasa linganisha na chembe zako. C60 inapita kirahisi. Silika ya nanomita 10 inapita. Ya 20 iko mpakani, ya 50 usahau bila koti la maana.

Tuseme umefanikiwa, silika yako ina koti zuri, imesambaa sawa bin sawa. Uso umebadilika kiasi gani? Hapa naomba usome taratibu maana hapa ndo pesa za watu zinapotelea. Chembe zikisambaa sawasawa, sehemu ya uso yenye silika ni sawa na sehemu ya ujazo, yaani 5% ya uzito inakupa 2.5% ya uso, na hata hizo nyingi zimefunikwa na kangozi ka polima. Polistairini safi tone la maji linakaa kwa pembe ya karibu nyuzi 90 (pembe kati ya uso na ukingo wa tone, ikiwa kubwa uso unakataa maji, ikiwa ndogo maji yanasambaa). Ukipiga hesabu ya kuchanganya nyuso mbili, hata ukichukulia silika tupu inayovuta maji kabisa, pembe inashuka mpaka kama 88 au 89. Mashine ya kupimia yenyewe ina makosa ya nyuzi 2. Umenunua, umepaka koti, umezungusha, alafu umepima kelele. Hata ungefanikiwa kuzipandisha zote juu, zile za nanomita 20 zinafunika 18% ya uso, pembe inafika kama 80. Nyuzi kumi basi.

Mtu atasema, sawa, lakini si kuna ukwaruzo, uso ukiwa na vinundu maji yanateleza kama kwenye jani la magimbi? Wakenya mnaita nduma. Nenda kalimwagie maji jani la magimbi uone, tone linakimbia kama zebaki, linazoa na vumbi. Ni mfano mzuri ila watu wanauelewa nusu. Sheria ya Wenzel ya 1936 inasema ukwaruzo unazidisha kile ambacho uso tayari unacho, unaopenda maji unazidi kupenda, unaoyakataa unazidi kuyakataa. Polistairini iko karibu 90, kosaini ya 90 ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa ukwaruzo wowote ule ni sifuri. Kwa hiyo vinundu vichache peke yake kwenye polistairini havikupeleki popote! Ili ufike kwenye magimbi unahitaji vitu viwili kwa pamoja, koti linalochukia maji, na vinundu vingi vya ngazi tofauti vinavyoteka hewa chini ya tone. Inawezekana kwa silika yenye HMDS ila inabidi uweke silika nyingi mno mpaka polima inageuka kuwa gundi tu ya kushikilia unga, filamu inakuwa na ukungu, na ukiifuta kwa kidole inachubuka. Hapo hutengenezi tena filamu ya polima yenye nyongeza, unatengeneza kitu kingine, na ni halali kabisa, ila jua unachofanya.

Silika inashinda wapi basi? Ukitaka vinundu vyenyewe. Filamu mbili laini zikilaliana zinang'ang'aniana, ukizivuta zinachanika, na vinundu vichache vilivyotokeza vinatosha kuzitenganisha, ndo maana viwanda vya mifuko ya polithini vinaweka silika, ile ya mikromita. Ukitaka uso mgumu zaidi kwa mikwaruzo, silika. Ukitaka kujifunza jinsi koti linavyoamua chembe ikae wapi, silika pia, maana hamna chembe nyingine ambayo koti lake unabadilisha kirahisi hivyo.

Titania, yaani titani dioksaidi, ni mnyama mwingine kwa sababu haikai kimya. Hizo mbili za juu ukiziweka kwa kiasi kikubwa zimekaa, hii ikipigwa na mwanga wa UV inafanya kazi. Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba inaweza kuvunja maji kwa mwanga, na 1997 ikaripotiwa kwamba kioo chenye titania kikimulikwa UV maji yanasambaa juu yake mpaka pembe inakaribia sifuri. Watu wanasoma hiyo ya 1997 wanasema naam, hii naiweka kwenye polima yangu nipate uso unaojisafisha. Ngoja. Kile kinachokula uchafu hakichagui, polima nayo kwa titania ni uchafu. Kwenye filamu ya nanomita 100 iliyomulikwa, minyororo inayozunguka chembe inakatwa, inaoksidishwa, sehemu inaondoka kama gesi, unabaki na mashimo yamezunguka chembe. Pembe ya tone inashuka kweli na mtu anafurahi, wakati filamu yenyewe inakonda. Rangi za ukuta za zamani zinazotoa chaki nyeupe ukizigusa, sehemu kubwa ya kisa ni hiki hiki.

Hapa kuchagua aina ndani ya aina kuna maana kubwa. Anatase inaamka kwenye UV chini ya kama nanomita 388 na ndo yenye njaa zaidi, rutile, aina nyingine ya fuwele, inaanza kunyonya kuanzia kama 413 lakini ni pole zaidi, na ile iliyovikwa silika au alumina ndo pole kabisa, hiyo ndo inayotumika kwenye rangi za nje na mafuta ya kujikinga na jua. Ukitaka kukinga filamu na jua, rutile yenye koti. Ukitaka uso unaojisafisha, weka anatase kama tabaka la peke yake juu kabisa na katikati ukatandaza silika ya kuikinga polima isiliwe. Kuichanganya anatase ndani ya polistairini ina maana kama unataka hasa filamu ioze kwenye jua, na kuna watu wanautafuta mwisho huo kwa ajili ya taka za plastiki. Kwa filamu inayotakiwa kuishi nje kwenye jua letu la ikweta mimi siwezi kumshauri mtu.

Zinki oksaidi nitaipita haraka, inazuia UV vizuri chini ya nanomita 375 hivi, haina weupe mkali wa titania, inaua bakteria, ila nayo inakula polima kwenye mwanga na asidi inaiyeyusha. Udongo wa montmorilonaiti, ule ambao Toyota waliupeleka kwenye nailoni, ni vibamba vya unene wa nanomita 1, unafaa kuzuia gesi kupita zaidi kuliko kubadilisha uso. Dhahabu ni nzuri kwa kuonekana, wekundu wake, unaotokana na kunyonya mwanga karibu na nanomita 520, unakuonyesha zikigandana maana rangi inahamia kwenye bluu, na kwa mtu wa bajeti ya unga mmoja isimsumbue.

Kupima. Ukinunua chochote kati ya hivi bila mpango wa kujua kimekaa wapi umenunua bahati nasibu. AFM inakupa sura ya juu, filamu safi ya polistairini inatakiwa iwe na ukwaruzo chini ya nanomita 1, kwa hiyo vinundu vinaonekana wazi, ila AFM haioni chini. XPS, kipimo cha eksirei kinachoonyesha uso una elementi gani, inaona kama nanomita 10 za juu, ukikuta silikoni kidogo sana wakati uliweka silika ya kutosha ujue haijapanda. Ukiwa huna XPS, na wengi hatuna, chana filamu kwa wembe upime unene, kisha elesha filamu kwenye maji, igeuze, na uipige AFM upande wa chini. Inachosha lakini inafanya kazi. Na pasha nakala moja kwenye oveni ya vakyumu nyuzi 140 usiku kucha, sababu mashine ya kuzungusha inagandisha chembe zilipo ndani ya sekunde chache, mahali chembe inapotaka kukaa kwa hiari yake unapaona baada ya moto.

Unga mkavu wa nano usipime hewani wazi. Fungulia ndani ya kabati la kufyonza hewa, vaa barakoa ya maana, titania ya kuvutwa puani shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani. Ukiweza nunua iliyokwisha kuelea kwenye kimiminika, unaepuka vumbi na nusu ya tatizo la mabonge kwa mpigo.

Huyu mdogo wangu tulipokaa tukachimba, kumbe shida yake halisi ilikuwa filamu zinatoboka akizipasha moto kabla ya kupima, hilo la maji kuteleza alikuwa ameliona tu kwenye video akalipenda. Nikamwambia agize C60, aanze na 0.5%, 1% na 3%, na filamu moja bila chochote ya kulinganisha. Mzigo bado haujafika, tunausubiri.